Wa Tatu Katika Soko la Wawili: Kisa cha Kiwanda cha Pikipiki za Theluji

Kuhusu kisa hiki

Kiwanda tunachokizungumzia kiko Marekani na kinaunda pikipiki za theluji, zile zenye skii mbili mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma badala ya magurudumu. Jina la kiwanda, la wamiliki wake na la mji kilipo yameondolewa. Miaka na fedha zimeachwa zilivyo, maana bila hizo kisa hakishikiki. Anayeijua sekta hii atakitambua haraka, na si neno, kwani mambo yenyewe yalitangazwa hadharani. Swali letu ni jinsi biashara yenye wateja wanaoipenda kama timu ya mpira, mafundi hodari na jina la miaka 60 ilivyofika ukingoni mwa kufungwa, na kwa nini haikufungwa.

Usuli: soko lililonywea

Biashara hii ilishika kasi baada ya Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, kuingiza sokoni Ski-Doo mwaka 1959. Miaka michache baadaye kila mwenye karakana alitaka kuunda yake. Mwaka 1971 ziliuzwa karibu nusu milioni Amerika Kaskazini pekee, na watengenezaji walizidi 100. Kisha mafuta yakapanda bei, majira ya baridi kadhaa yakaja na theluji haba, na wengi wakafa. Mwaka 1997 mauzo ya dunia nzima yalikuwa takriban 260,000. Miaka ya karibuni hayafikii hata 160,000 kwa mwaka.

Sababu za kunywea zinajulikana. Pikipiki mpya ya daraja la juu hupita dola 15,000, na hiyo ni kabla ya kununua trela ya kuibebea, nguo na kofia. Wapandaji wanazeeka, na wastani wa umri wao umeshapita miaka 40. Na theluji yenyewe haiaminiki tena.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo hupitwa na wengi. Soko halikuporomoka ghafla miaka ya karibuni. Kushuka kukubwa kulishatokea, na kwa miaka kumi hivi kabla ya 2023 mauzo yalikuwa yakipanda na kushuka bila kuporomoka tena. Anayesema kiwanda hiki kilizama kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi anasema nusu ya ukweli, kwa sababu washindani wawili waliovuka walipigwa na majira ya baridi yaleyale.

Washindani hao ni BRP ya Kanada, yenye majina ya Ski-Doo na Lynx, na Polaris ya Minnesota. Kulikuwa pia na kampuni moja ya Japani. Kiwanda chetu kilikuwa wa tatu, na pengo kati yake na wawili wa juu lilizidi kupanuka.

Mji kilipo hauna hata watu 9,000. Uko kaskazini mwa Minnesota, jimbo lenye zaidi ya kilomita 35,000 za njia za pikipiki hizi, nyingi zikitunzwa na vilabu vya wanakijiji wanaojitolea usiku kusawazisha theluji kwa mashine.

Pesa inavyozunguka

Bila kuelewa sehemu hii, maamuzi yaliyofuata yataonekana ya kipumbavu, na hayakuwa hivyo.

Pikipiki za theluji huuzwa mara mbili. Kwanza kiwanda humuuzia wakala mwenye duka, kisha wakala humuuzia mpandaji. Wakala halipi taslimu. Taasisi ya fedha humlipa mtengenezaji mzigo unapotoka kiwandani, na wakala hubaki na deni analopunguza kila chombo kinapouzwa. Mara nyingi hupewa miezi kadhaa bila riba. Muda huo ukipita, riba huanza kumla.

Kwa hiyo kwenye vitabu vya kiwanda, chombo kimeshauzwa siku kilipopakiwa kwenye lori. Mapato yameingia, wakuu wanapongezana, bei ya hisa inapanda. Dukani bado kiko palepale, kimefunikwa turubai, kikingoja theluji. Mtengenezaji anayeona mauzo ya kiwandani peke yake anaweza kufurahia mwaka mzuri huku mawakala wake wakikosa pumzi.

Tuchukulie wakala ana pikipiki 20 zilizobaki baada ya msimu, kila moja ikiwa na deni la dola 14,000. Kwa riba ya asilimia 8, mzigo huo unamgharimu zaidi ya dola 1,800 kwa mwezi, kiangazi chote, na hakuna mteja atakayegusa mlango. Vuli ikifika, kiwanda kinamletea toleo jipya. Sasa zile za zamani lazima zishushwe bei, na zikishushwa, nani atanunua mpya? Mali iliyolala inaanza kushindana na mali mpya ya kiwanda kilekile.

Kinga ya jambo hili ni oda za machipuko. Machi na Aprili, theluji ikiwa bado machoni, mpandaji huchagua toleo la msimu ujao, hulipa arbuni, na chombo chake huundwa kiangazi. Ni kama fundi anayepokea arbuni ya sare za shule kabla ya kununua kitambaa. Chombo cha namna hiyo hakilali dukani hata siku moja. Ndiyo sababu msimu mbovu huumiza mara mbili: unaacha mali ya mwaka huu dukani, na unaua hamu ya kuagiza ya mwaka ujao.

Mfuatano wa matukio

*Anguko la kwanza.* Kiwanda kilianza 1960. Miaka ya 1970 kilipanuka kila upande, kikanunua hata biashara za boti. Majira mabaya ya baridi yakakutana na riba za Marekani zilizokuwa zimepita asilimia 20, benki zikadai chao, na mwaka 1981 kiwanda kikafilisika. Mji ulitikisika. Mwaka 1983 baadhi ya watu wa ndani walikifufua wakiwa na kundi dogo la wafanyakazi, wakatengeneza vyombo vichache tu, kwa kadiri ya walichoagizwa. Mwaka 1990 kampuni iliuza hisa kwa umma, na katikati ya muongo huo ikaongeza pikipiki za magurudumu manne ili isitegemee theluji peke yake.

*Kujitegemea kwa injini.* Kwa miongo mingi injini zilitoka kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, ambaye pia alikuwa mwenye hisa mkubwa. Mwaka 2011 kiwanda kilinunua hisa hizo kwa takriban dola milioni 79, na kuanzia toleo la 2014 kikaanza kuingiza injini zake za mipigo miwili (aina nyepesi na sahili), zilizoundwa kwenye karakana yake nyingine ya Minnesota.

*Mshirika wa pili.* Mwaka 2013 kilisaini makubaliano na kampuni nyingine ya Japani, ile ya nne sokoni. Wajapani hao walitoa injini kubwa za mipigo minne (aina nzito zaidi), na kiwanda kikawa kinawaundia pikipiki zenye nembo yao. Ikawa mstari mmoja wa uzalishaji unatoa majina mawili yanayoshindana dukani.

*Kushuka.* Mwaka wa fedha 2014 mapato yalikuwa dola milioni 730 hivi. Miaka miwili baadaye yalikuwa yameshuka hadi milioni 630 hivi, kukiwa na hasara. Maduka yalikuwa yamejaa, na baridi ya 2015–16 ikaja na joto la El Niño.

*Kununuliwa.* Mapema 2017 kundi kubwa la viwanda, ambalo mhimili wake ni biashara ya ndege, lilinunua kampuni nzima kwa takriban dola milioni 247. Karibu mara moja jina la kiwanda liliondolewa kwenye pikipiki za magurudumu manne, likawekwa jina la mmiliki mpya, na la zamani likabaki kwenye theluji tu. Baada ya misimu michache likarudishwa.

*Neema ya korona.* Kuanzia 2020 watu walikimbilia michezo ya nje. Maduka yakawa matupu, vipuri vikakosekana, kila mtengenezaji akasukuma uzalishaji juu. Kiwanda kikatumia kipindi hiki kukamilisha fremu mpya kabisa, iliyotoka kama toleo la 2024: nyepesi, nyembamba, ikiwa na mkanda badala ya mnyororo wa kupeleka nguvu nyuma. Walioipanda waliisifu.

*Mapigo matatu.* Juni 2023 mshirika wa Japani alitangaza kwamba anajitoa katika biashara ya pikipiki za theluji, Amerika Kaskazini ikiishia toleo la 2025. Mwezi uliofuata riba ya benki kuu ya Marekani ilifika kati ya asilimia 5.25 na 5.5, kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022. Kisha ikaja baridi ya 2023–24, ambayo Minnesota iliingia kwenye rekodi kwa joto. Njia nyingi hazikufunguliwa msimu mzima. Hata mashindano mashuhuri ya sleji za mbwa ya John Beargrease yalifutwa kwa kukosa theluji.

*Kusimama.* Desemba 2024 kampuni mama ilitangaza kusitisha uzalishaji wa pikipiki za theluji na za magurudumu manne, na kwamba inatathmini hatima ya biashara hiyo. Mamia ya wafanyakazi wakapunguzwa.

*Kuuzwa.* Aprili 2025 ilitangazwa kwamba kundi la wawekezaji, likiongozwa na mtu aliyewahi kusimamia kitengo cha theluji cha kiwanda hichohicho, limekinunua.

Maamuzi matatu, na sababu zake

*Kununua hisa za Wajapani na kuunda injini wenyewe.* Uamuzi huu ulikuwa na mantiki. Injini ndiyo roho ya chombo, na aliyeshikwa roho hana sauti. Lakini kununua hisa kulikausha fedha wakati uleule ambapo karakana ya injini ilizihitaji. Matokeo yake yalionekana mlimani. Ski-Doo ilitoa injini ya ujazo wa 850 (sentimita za ujazo) kwa toleo la 2017, Polaris ikafuata na yake kwa 2019. Kiwanda chetu kilibaki na 800 hadi 2024 ndipo ya daraja hilo ilipotoka. Kwa wapandaji wa milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, ambao huhesabu kila farasi wa nguvu wanapopanda kwenye theluji ya kina, hiyo ni miaka saba ya kumpa mteja sababu ya kwenda duka la jirani. Kabla hiyo 850 haijafika, washindani walikuwa wameshaweka na turbo, kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, kutoka kiwandani.

*Kuungana na mshindani.* Kiwanda kilipata injini za mipigo minne bila kuziunda, na kikapata kazi ya ziada kwa mitambo yake. Kwa miaka kumi mpango huu uliwasaidia wote wawili. Kasoro yake ilikuwa kwamba milango yote miwili, ya kupokea injini na ya kuuza vyombo, ilishikwa na mkono mmoja. Mkono ulipotangaza kuondoka 2023, yote miwili ilianza kufungwa kwa pamoja.

*Kusitisha badala ya kupunguza.* Kampuni mama ingeweza kuendelea kwa kasi ndogo. Ilichagua kusimamisha. Ukiitazama kwa macho ya mmiliki wa biashara ya mabilioni ya dola, unaelewa: kitengo kidogo, kinacholeta hasara, kinachotegemea hali ya hewa, na kinachohitaji maelezo marefu kwa wanahisa kila robo mwaka. Maduka yalikuwa yamejaa, hivyo kila chombo kipya kilichoundwa kingeongeza tatizo. Ukatili wa uamuzi ule haukufuta ukweli kwamba mstari wa uzalishaji ulihitaji kunyamaza kwa muda.

Matokeo

Kiwanda hakikufa. Jina, michoro, fremu mpya na injini mpya zilihamia kwa wamiliki wadogo zaidi wanaoijua biashara kwa undani, na mpango wao ulikuwa kuendelea kuunda katika mji uleule. Mji wenyewe safari hii haukuumia kama 1981, kwa sababu una mwajiri mwingine mkubwa, msambazaji wa vipuri vya kielektroniki anayeajiri maelfu. Hilo lina upande wa pili: fundi aliyepunguzwa Januari na kupata kazi ya ndani, yenye joto na ya mwaka mzima, si rahisi kumrudisha.

Mawakala waligawanyika. Waliokuwa wakiuza jina moja tu walibaki na mali, deni na simu za wateja wakiuliza kama waranti bado ina maana. Waliokuwa na majina mawili walisogeza jina la tatu nyuma ya duka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni uaminifu wa wateja, na uaminifu huo una thamani ya fedha. Mnunuzi wa 2025 hakununua mashine kuukuu peke yake. Alinunua familia ambazo babu, baba na mjukuu hupanda rangi moja na hawatakubali nyingine. Kampuni mama ilipoliondoa jina kwenye pikipiki za magurudumu manne ilidhani inarahisisha nembo. Kumbe ilikuwa inavunja daraja ambalo mteja wa baridi alilipita kwenda kununua cha kiangazi. Kulirudisha kulikuwa kukiri, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Ni rahisi pia kumgeuza mmiliki yule mkubwa kuwa mhalifu wa hadithi, na mashabiki wengi wamefanya hivyo. Siungani nao kabisa. Fremu ya 2024, ambayo leo ndiyo mali bora ya kiwanda, ilikamilishwa chini yake. Kampuni iliyokuwa ikipata hasara 2016 isingeweza kwa urahisi kugharamia fremu na injini mpya kwa mara moja. Alichokosa mmiliki yule ni uvumilivu wa kungoja alichokilipia kikomae: fremu ilifika sokoni kwenye baridi isiyo na theluji, ikapewa msimu mmoja na nusu, ikasitishwa.

Kilichokwama kuliko vyote ni kuhesabu. Mara tatu, yaani mwishoni mwa miaka ya 1970, katikati ya miaka ya 2010 na baada ya korona, kiwanda kilisukuma mali dukani kwa kasi ya matumaini, kisha theluji ikakosa. Mara tatu tatizo lilionekana kwanza dukani na mwisho kwenye vitabu. Na mara mbili kati ya hizo riba ya juu ndiyo iliyogeuza mali iliyolala kuwa kidonda. Watu wa sekta hii hutazama sana utabiri wa theluji. Nadhani wangefaidika zaidi kwa kutazama kiwango cha riba, kwa sababu mwaka mmoja mbaya wa theluji unavumilika pale deni la dukani linapokuwa rahisi.

Washindani wawili nao walijaza maduka baada ya korona, na 2024 walipunguza usafirishaji ili mawakala wapumue. Waliweza kwa sababu wana vigari vya porini vinavyouzwa mwaka mzima na, kwa BRP, vyombo vya majini. Kiwanda chetu kilikuwa na bidhaa za kiangazi pia, lakini nazo zilikuwa za tatu au za nne kwenye soko lake. Kuwa na biashara ya pili husaidia ikiwa hiyo ya pili ina nguvu zake.

Hapo ndipo nafasi ya tatu inapouma. Kubuni fremu au injini hugharimu karibu sawa, uuze vyombo 10,000 au 50,000. Wa kwanza na wa pili hugawanya gharama hiyo kwa wengi, wa tatu kwa wachache. Akipandisha bei anapoteza mteja, akichelewesha teknolojia anampoteza vilevile. Kwa miaka kumi njia ya kutokea ilikuwa kugawana gharama na yule mshirika wa pili wa Japani.

Mambo ya kutazama

La kwanza ni oda za machipuko. Wamiliki wapya wakijifunga kuunda kilicholipiwa arbuni pamoja na ziada ndogo tu, watakuwa wamerudi kwenye njia ya 1983, iliyokipa kiwanda miongo ya uhai. Shinikizo la kuzidisha litakuja baada ya baridi moja nzuri, wakati mawakala wenyewe watakapoomba zaidi.

La pili ni mali ya zamani. Hadi matoleo ya 2024 na 2025 yaondoke madukani, kila bei ya chombo kipya itapimwa na punguzo la kile cha jana.

La tatu ni injini kubwa ya mipigo minne, iliyoondoka na mshirika wa Japani. Kuna wapandaji wa umbali mrefu waliokuja kwa ajili ya injini hiyo na si kwa ajili ya jina. Kiwanda kinaweza kutafuta mtengenezaji mwingine, kuunda yake, au kuwaachia washindani wateja hao. Kuunda hakulipi kwa soko la ukubwa huu. Kutafuta mshirika kunawezekana, ila mshirika atataka kuona idadi ya vyombo ambayo kwa sasa kiwanda hakiwezi kumwahidi. Kwa maoni yangu wataachia, angalau kwa misimu michache, na watabaki na pikipiki nyepesi za mipigo miwili ambazo fremu mpya ilibuniwa kwa ajili yake.